Amewaambia Watu Mimi ni Binti Yake

Jumatano, tarehe 9 Julai

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla sijasema lolote naweka nadhiri kwamba nitakueleza yote, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu mama yangu husema mgonjwa anayemficha daktari kidonda amekwenda hospitali kutembea tu. Naandika kwa kompyuta ya maktaba, katika mji usio wetu na nchi isiyo yetu, na kompyuta hii tunaitumia kwa zamu, kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe, sitapata nafasi ya kusoma upya.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Mama yangu anashona sare za shule, na kila Jumapili lazima mtu amsomee ukurasa wako wa gazeti kwa sauti huku yeye akikanyaga cherehani, na mara nyingi msomaji huwa ni mimi, ndiyo maana nakuamini. Ukitaka kuichapisha barua hii, ichapishe, lakini nakusihi unijibu mimi kwanza kwa anwani hii, kwa kuwa kuna mtu anangoja jibu kutoka kwangu nami sina.

Hali yenyewe ni hii. Mama ana rafiki yake aliyesoma naye shule ya bweni, walilala kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu mmoja chini, na mpaka leo wanaitana Pacha, ingawa mmoja ni mrefu na mwingine mfupi na hawafanani hata kucha. Huyo rafiki namwita mama mdogo tangu nilipojua kusema. Aliondoka kwetu nikiwa mdogo, akaolewa huku na mtu wa kwetu ambaye ni fundi wa lifti, naye namwita baba mdogo. Mama mdogo anafanya kazi katika duka la miwani, yeye ndiye anayezichonga lenzi mpaka zikubali kuingia kwenye fremu. Hawana mtoto. Mwaka huu alimpigia mama simu akasema, "Pacha, niazime huyo mtoto likizo hii aje anitembelee," na mama akakubali palepale, na mama yangu si mtu wa kukubali palepale, hata kuchagua rangi ya uzi humchukua asubuhi nzima.

Niliingiwa na shaka tangu siku ya kufungasha. Nilikuta mama amenitilia sandukuni sweta lake nene, lile la kijivu, nikamuuliza, "Mama, si ulisema huko sasa hivi ni joto?" Akasema, "Baridi haina kalenda," akaendelea kukunja nguo. Alikuwa amenishonea pia sketi mbili mpya, na nilipofika huku nikazivaa niliona pindo limekunjwa mara mbili kwa ndani, pana kama kiganja changu. Mshauri, mimi ni mtoto wa mshona sare. Pindo la namna hiyo mama humshonea mtoto anayekwenda bweni mbali, ili akirefuka aifumue sketi na kuishusha mwenyewe bila mzazi kuwepo. Mtoto anayelala nyumbani hukunjiwa pindo dogo, kwa sababu mama yake atamwona kila siku. Sasa mimi ninayekuja kutembea likizo, kwa nini nipewe pindo la mtu anayekwenda kurefukia kwingine?

Na kwenye uwanja wa ndege mama hakulia, na hilo lilinitisha kuliko machozi, alinishika uso kwa mikono miwili akaugeuza huku na huku kama anayekagua kitambaa dukani, kisha akasema, "Nenda. Usimsumbue Pacha wangu."

Huku nimeona mambo ambayo hakuna mwalimu aliyenitayarisha kwayo, ingawa lugha ya huku tumeisoma darasani na mimi ni miongoni mwa wanaoipenda. Siku ya kwanza tulipanda basi na mama mdogo, nami nikasalimia kama nilivyolelewa, kwa sauti ya kufika mpaka viti vya nyuma, kwa lugha yao wenyewe na kwa matamshi ambayo mwalimu wangu angejivunia. Watu wakatazama madirishani kana kwamba salamu imetoka nje. Mzee mmoja akahamisha mkoba wake kutoka goti hili kwenda goti lile. Mama mdogo akaninong'oneza, "Mwanangu, huku salamu haigawiwi kwenye basi."

"Sasa inagawiwa wapi?"

"Kwa miadi."

Nilidhani ananitania, mpaka baba mdogo aliporudi jioni na begi lake la spana nikamsimulia, akacheka hadi akakaa chini. Akasema, "Jengo hili lote wananijua mimi, lakini huongea nami wakikwama kwenye lifti tu. Humo ndani wananiita ndugu, wananisimulia hadi magonjwa yao. Mlango ukifunguka, tumeshasahauliana."

Lakini mengine hayakunichekesha. Siku moja kengele ya mlango ililia tukiwa tunakula mkate, na mama mdogo akaweka kidole mdomoni, akazima redio, tukakaa kimya watu watatu wazima na vijiko mikononi mpaka aliyekuwa nje akachoka akaondoka. Kwetu mtu akipiga hodi hata kama hatumtaki tunamwambia karibu halafu ndiyo tunamnung'unikia. Nikauliza ni nani yule. "Wauza vitu tu," akasema mama mdogo. Alijuaje ni wauza vitu kama hakuchungulia? Mlango una kufuli mbili na mnyororo, na tangu siku hiyo kila akiufunga najiuliza anamzuia nani, wa nje au wa ndani.

Halafu ukaja mwaliko. Mwenzake wa dukani, yule anayepima macho, alitualika kwake Jumamosi, na mwaliko wenyewe ulikuwa na mwanzo na mwisho, yaani ilisemwa waziwazi tufike saa ngapi na tuondoke saa ngapi. Tulipofika tulipewa kinywaji na biskuti, tukaongea vizuri sana, kisha muda ulipotimia mwenye nyumba akajipiga magotini kidogo kwa viganja, akasimama akasema, "Haya," nasi tukasimama, na hakuna aliyesema mbona mapema, na hakuna aliyetusindikiza hata hadi ngazini. Mimi nilisikia kama tumefukuzwa, lakini mama mdogo alitoka amefurahi kabisa, anasema siku imekuwa nzuri. Njiani nikawaza jambo ambalo halijanitoka tena. Ikiwa katika nchi hii hata kinywaji cha mchana kina saa ya kwisha, mbona mwaliko wangu mimi haukutajiwa mwisho?

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia vizuri. Pasipoti yangu mama mdogo aliichukua siku ileile niliyofika, akaitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la jikoni, akisema, "Isije ikapotea." Tiketi ya kurudi nimeambiwa ipo, lakini sijaiona kwa macho.

Na macho yenyewe ndiyo yaliyoniletea makubwa. Mama mdogo aliniona ninakunja uso nikisoma kibao cha mtaa, akanipeleka dukani kwao nikapimwe. Ni chumba chenye giza kidogo, unaweka kidevu kwenye kijiti cha plastiki, na yule mpima macho anakugeuzia vioo akiuliza kipi ni bora, hiki au kile. Aligundua jicho la kulia linavivia, halioni sawasawa na la kushoto. Akachukua fomu, akamuuliza mama mdogo jambo ambalo siku ya mwaliko hakuliuliza, "Niandike huyu ni nani kwako?" Na mama mdogo akajibu kwa lugha yao, taratibu, bila kusita, "Ni binti yangu."

Nilikuwa nimeweka kidevu pale siwezi hata kugeuka. Mwalimu wetu alitufundisha maneno yote ya ukoo katika lugha ile, najua neno la binti na najua neno la mtoto wa ndugu, na mama mdogo analijua kuliko mimi, amekaa huku miaka mingi. Alichagua. Kisha akaambiwa miwani yangu itakuwa tayari mwezi ujao, akasema sawa, hakuna wasiwasi. Mshauri, mimi ninatakiwa kurudi nyumbani mwisho wa mwezi huu. Miwani ya mwezi ujao ni ya nani?

Tulipofika kwenye jengo letu tukakutana ngazini na jirani, bibi mwenye mbwa mdogo, ambaye mpaka siku ile sikuwahi kumsikia hata akikohoa. Naye akaambiwa hivyohivyo, binti yangu. Yule bibi akanitazama, akatabasamu, akasema, "Naona. Ana paji lako la uso." Mama mdogo hakukanusha. Alijigusa paji la uso, akacheka kwa sauti ndogo, na usiulize kwa nini lakini kicheko kile kilinikaa kifuani siku nzima, kwa sababu paji hili ni la mama yangu.

Sasa nije kwenye lile la aibu. Huku jua halizami, au linazama likiwa limechelewa sana, na mimi naambiwa nikalale wakati nje bado kweupe na watoto wanaendesha baiskeli. Ninalala juu ya kitanda nikiwa macho, pazia linawaka kama limewashiwa taa nyuma yake. Siku moja nikiwa hivyo nilisikia mama mdogo anaongea na simu sebuleni, nikaenda kuegemeza sikio ukutani. Najua si tabia njema. Nilisikia hivi:

"Pacha, usilie... Hapana, sijamwambia. Ngoja azoee kwanza... Anakula, anakula vizuri... Sasa unalia nini, si tulishakubaliana? Mwanao ni mwanangu."

Halafu baba mdogo akasema, "Mwambieni huyo mtoto. Mnampitisha kama kifurushi cha posta."

"Wewe kaa na lifti zako."

"Lifti ndizo zilizonifundisha. Mtu aliyekwama anataka kuambiwa amekwama. Ukimdanganya kwamba inasogea, ndipo anapoanza kupiga mlango."

Nilisikia tu vyombo vinawekwa kwa nguvu.

Asubuhi nikajaribu kuuliza kwa kuzunguka. Nikasema, "Mama mdogo, hivi ndege yangu ni siku gani vile?" Akasema, "Mbona una haraka, tumekuchosha?" akanipakia siagi kwenye mkate hata pale ambapo ilikuwa imeshapakwa. Nikiongea na mama yangu kwa simu, mama mdogo huwa amekaa kando, na mama huuliza nimekula nini na nimelala vipi, na nikinyamaza kidogo husema, "Utazoea, mwanangu." Mtu wa kutembea likizo anazoea nini?

Bado jambo moja, na hili ndilo lililonileta kwako. Mama mdogo akienda kazini mimi huja maktaba hii, inayo meza ndefu karibu na dirisha, na kiti cha pembeni sasa nakijua kwa mlio wake. Nimeanza kusoma kitabu kinachoeleza jinsi nuru inavyopinda ikipita kwenye kioo, jambo ambalo shuleni tulilinakili ubaoni tu, na huku mama mdogo ameniruhusu niguse lenzi zenyewe, na amenionyesha jinsi kioo kilekile kinavyoweza kumfanya mtu aone mbali au karibu kutegemea kilivyochongwa. Sijawahi kuelewa kitu namna ile. Juzi nilimuuliza mkutubi kama naweza kwenda na kitabu nyumbani. Ni mwanamke mpole, huvaa viatu visivyo na sauti. Akaniambia ziko kadi mbili, ya mgeni na ya mkazi. Mgeni husomea humuhumu, mkazi huchukua kitabu akaenda nacho. Kisha akaniuliza, "Wewe ni mgeni au mkazi?"

Sikujua. Nikasema nitaleta jibu, na tangu hapo kila nikiingia ananitazama kwa upole wa mtu anayengoja.

Sasa mshauri, ninaogopa kumuuliza mama, kwa sababu ikiwa kweli amenitoa, sitaki kulisikia kwa simu. Ninaogopa kumuuliza mama mdogo, kwa sababu ikiwa si kweli, nitakuwa nimemshuku mtu aliyeniona ninakunja uso wakati mama yangu mwenyewe hakuwahi kuona. Na ninaogopa jambo la tatu ambalo silijui jina lake. Nakuomba unijibu, mapema uwezavyo, swali hili moja: mkutubi akiniuliza tena, nimwambie mimi ni mgeni au ni mkazi?

Mimi wako mtiifu,
Mwanafunzi, ugenini


JIBU LA MSHAURI

Mwanangu mwanafunzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikasimama, nikapika chai, nikairudia. Unaandika vizuri. Laiti ungekuwa unauliza vizuri hivyohivyo.

Nianze na fimbo ili tuimalize. Msikiliza ukutani husikia nusu, na nusu nyingine hujitungia. Umepeleleza pindo, umepeleleza sweta, umepeleleza kengele, umempeleleza hadi bibi wa watu na mbwa wake, na katika upelelezi wote huo hakuna mtu hata mmoja uliyemuuliza swali lililonyooka. "Ndege yangu ni siku gani vile" si swali, ni kuchungulia kwa mdomo. Na wale wa kengele walikuwa wauza vitu. Hata mimi huwa nazima redio.

Lakini sikwambii shaka yako ni ya kipumbavu. Sweta, pindo, miwani ya mwezi ujao, "ngoja azoee": ukivipanga vyote hivyo, hata mimi nisiye na jicho la mshonaji naona kuna mpango. Nadhani, na ninasema nadhani kwa sababu sikuwepo sebuleni, kwamba mama yako na Pacha wake wamekubaliana ubaki huko usome, wakaona wakikwambia kabla utakataa, wakaamua kukuzoesha kimyakimya, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Wamekosea. Wanakupenda, na wamekosea, na mambo hayo mawili hukaa nyumba moja kila siku.

Sasa hilo neno lililokukwama kooni. Mama yako mdogo amesema "binti yangu". Nikuulize: barua hii nimeianza kwa kukuita nani? Nimekuita mwanangu. Hatujawahi kuonana, wala paji la uso hatufanani. Je, nimekuiba? Kwetu mtu ana mama wengi, na wa kwanza hapungukiwi. Kwa lugha ya huko neno hilo lina mlango mmoja, anayeingia ni mtoto wa tumbo basi. Mama yako mdogo amelichukua neno letu akalivusha mpaka wa nchi, na maana zake nyingine zote zikabaki kwetu.

Au amesema makusudi. Inawezekana. Nawe ndiye uliyeniambia sababu, ingawa hukuiona. Mwanamke huyu ameishi miaka mingi kwenye ngazi ambako watu huongea lifti ikikwama tu. Salamu yake ni ya miadi. Hana anayemwita mama wa mtu yeyote. Siku moja jirani asiyekohoa anafungua mdomo kumwambia, huyu mtoto ana paji lako. Wewe ungekanusha? Mimi siku ile nisingekanusha. Kesho yake ningekanusha, na yeye pia ilimpasa, hasa mbele ya mpima macho. Mtoto wa mwenzako humwiti wako mbele ya mtu asiyejua desturi yenu bila kumwangalia kwanza mtoto mwenyewe usoni.

Nije kwenye lile la tatu, ambalo umesema hulijui jina. Unalijua. Umeniandikia barua ndefu ya kushuku, na ndani yake hukuniuliza hata mara moja utatorokaje. Hukuniuliza njia ya uwanja wa ndege. Umeniuliza kadi ya maktaba. Umekizoea kiti hadi mlio wake. Unataka kujua nuru inapindaje, unataka kwenda na kitabu nyumbani, na umepaita huko nyumbani, rudi usome ulivyoandika. Mwanangu, jambo unaloliogopa ni kwamba wakikuuliza kama unataka kubaki, unaweza ukajikuta umesema "ndiyo", na ukaona "ndiyo" hiyo imemtupa mama yako. Haimtupi. Wala "hapana" haimtupi mama yako mdogo. Lakini hakuna kati ya hayo mawili linaloweza kutoka kinywani mwako mpaka mtu akuulize, na hawajakuuliza.

Basi jibu la swali lako ni hili. Mwambie mkutubi wewe ni mgeni. Mtu anayehamishwa bila kuulizwa hata akikaa miaka kumi ni mgeni. Utaanza kuwa mkazi siku utakapokaa nao mezani ukaulizwa, ukajibu kwa kinywa chako. Mpaka hapo, soma humohumo. Kitabu hakikimbii.

Na haya utayafanya leo, si kesho.

Mama mdogo akirudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu, mwambie hivi: "Mama mdogo, naomba pasipoti yangu nikae nayo mwenyewe." Usieleze sababu. Akilishusha kopo lile kabla hujamaliza kusema, unaye mtu mwema mwenye siri mbaya, na siri hufunguka. Akianza ya nini, huniamini, nani kakufundisha, usigombane naye, lakini jua hapo shaka yako imekuwa na miguu. Mwambie baba mdogo siku hiyohiyo, ambaye kwa maelezo yako ndiye mtu mzima pekee katika nyumba hiyo. Mwambie pia yule mkutubi; watu wa kazi yake wanajua ni ofisi gani inawasaidia watoto walio ugenini. Na uniandikie. Mtoto hapaswi kuona haya kuulizia karatasi iliyo na picha yake.

Ukiwa na pasipoti mkononi, omba simu ipigwe kwa mama yako. Iwekwe katikati ya meza, sauti iwe wazi, wote watatu mkiwa mmekaa. Usikubali mtu wa kuongea kwa niaba yako, na usikubali kupelekwa kulala hata kama saa imefika. Jua si bado linawaka? Limefaa kitu kwa mara ya kwanza.

Na wewe mshonaji, najua unanisoma, au unasomewa na mtu mwingine kwa kuwa msomaji wako umemsafirisha. Umekunja pindo zuri. Umeona mbele, umempimia mwanao urefu ambao bado hana. Ila umemficha kwa ndani jambo lililopaswa kukaa nje. Mtoto aliyelelewa chini ya cherehani husoma mishono kabla ya herufi, na hilo ulilisahau.

Wewe binti, jibu hili nalituma kwako leo kama ulivyoomba. Gazetini litatoka Jumapili, na mama yako hukanyaga cherehani Jumapili. Usingoje alisikie kwa mtu mwingine. Miwani yako kaichukue itakapokuwa tayari, au wakutumie, vyovyote mtakavyokubaliana. Unaihitaji, jicho lako la kulia linavivia kweli.

Mama yako akipokea simu atakuuliza umekula nini. Usijibu hilo. Mwambie tu, "Mama, nimeliona pindo." Halafu nyamaza, umwache aseme yeye.